Vidonge 38 na nusu: kompyuta inapotii kosa

Mwaka 2013, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, kijana wa miaka 16 alimezeshwa vidonge 38 na nusu vya dawa ambayo alitakiwa kumeza kidonge kimoja. Dawa yenyewe ni kotrimoksazoli, ileile tunayoiita Septrin. Alipata degedege, akanusurika. Ukitafuta mzembe katika mkasa huu utachoka. Daktari aliandika agizo kwenye kompyuta, mfamasia akalipitisha, roboti ikafungasha bila kukosea hata kidonge kimoja, muuguzi akapitisha skana pakiti baada ya pakiti, na skrini ikamjibu kwamba kila kitu kiko sawasawa.

Kosa lilianza hivi. Daktari alikusudia miligramu 160 za trimethoprimu, kimoja cha viambato viwili vya dawa hiyo, yaani kidonge kimoja kikubwa, kile ambacho huku kwetu huandikwa 960 kwa kujumlisha viambato vyote viwili. Lakini kisanduku cha kujazia kilikuwa kimewekwa kwenye “miligramu kwa kila kilo”, kwa kuwa utaratibu wa hospitali ulitaka mgonjwa wa chini ya kilo 40 apangiwe dozi kwa uzito, na kijana huyu alikuwa na kilo 38 na ushee. Kompyuta ikazidisha 160 kwa uzito, ikapata zaidi ya miligramu 6,000. Onyo lilitokea mbele ya daktari, likatokea tena mbele ya mfamasia. Wote wawili walilifunga, kama walivyofunga maonyo mengine chungu nzima.

Tazama kila mashine ilikagua nini. Roboti ilikagua kama idadi inalingana na agizo. Skana ilikagua kama dawa ni ileile na mgonjwa ni yuleyule. Hakuna hata moja iliyouliza kama agizo lenyewe lina akili. Kwa karatasi, muuguzi anayehesabu vidonge 38 kiganjani angeshtuka. Hapa alishtuka pia, ila skrini ilimtuliza.

Mkasa huu unatuhusu kwa sababu hospitali za Tanzania na Kenya zinahama kutoka kwenye karatasi. Tanzania ina GoT-HOMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali kwa kompyuta, katika vituo vya halmashauri, na Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Katika mjadala wa uhamiaji huo kuna makundi mawili. La kwanza linasema mwandiko mbaya wa daktari unaua, kwa hiyo tuwekeni kompyuta. La pili linasema mashine za wazungu hazitufai, umeme wenyewe wa mashaka. Yote mawili yana sehemu ya ukweli, na yote mawili yanakosea kudhani kwamba swali ni kununua au kutonunua.

Karatasi nayo inaua

Tuanze na haki ya upande wa kompyuta, maana ni kubwa. Dawa hupita mikono minne kabla ya kumfikia mgonjwa: anayeandika, anayenakili, anayetoa na anayempa. Wa pili ndiye hatari iliyojificha. Daktari akiandika insulini “10U” kwa haraka, herufi U husomeka kama sifuri na mgonjwa anapangiwa uniti 100. Akiandika “5.0” na nukta ikafifia, inakuwa 50. Kompyuta inaufuta mkono huu wa kunakili moja kwa moja, bila ujanja wowote, kwa kuwa kilichoandikwa ndicho kinachosomwa.

Takwimu zipo. Utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha makosa mazito ya dawa yakishuka kwa asilimia 55 baada ya madaktari kuanza kuandikia kwenye kompyuta. Mwaka 2010, hospitali ya Brigham and Women’s ya mji huohuo ilichapisha matokeo ya kuweka skana kitandani: makosa wakati wa kumpa mgonjwa dawa, ukiacha yale ya kuchelewa au kuwahi, yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8, na makosa ya kunakili yakatoweka kabisa.

Chukua mfano wa wodi yoyote ya watoto wachanga hapa kwetu. Mtoto wa kilo 3, aliyetimiza miezi, yumo katika wiki yake ya kwanza na anahitaji gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Hiyo ni miligramu 15. Ampuli iliyopo kabatini ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Kwa hiyo anahitaji mililita 0.375, karibu 0.38, na bomba la sindano pekee linalofaa ni lile la mililita 1. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye watoto wengi anapiga hesabu hii kichwani au kwenye simu, mara nyingi. Nukta ikihama nafasi moja, mtoto anapata mara kumi zaidi, katika dawa inayoharibu figo na masikio. Bomba la mililita 5 likitumika kwa sababu yale madogo yameisha, hata hesabu sahihi inaharibikia mkononi. Programu inayomwonyesha “vuta 0.38 kwa bomba la 1” inafanya kazi ambayo binadamu aliyechoka hapaswi kuachiwa.

Lakini kuna mahali hesabu inaishia. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba huja kama mchanganyiko wa asilimia 50, nusu gramu kwa kila mililita. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4: unavuta mililita 8, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20, unampa taratibu kwa dakika 5 hadi 20. Kompyuta inaweza kukokotoa yote hayo. Haiwezi kumgonga mama goti kuona kama mguu unaruka, ishara kwamba dawa haijamzidi. Haiwezi kuhesabu kama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, wala kuangalia kama mkojo umefika mililita 30 kwa saa, kabla ya dozi inayofuata. Ikiwa programu inakubali kisanduku cha “goti limepimwa” kiwekwe alama na mtu aliyeketi mezani, imetengeneza uongo ulio nadhifu. Kalsiamu glukonati, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi, mililita 10 za asilimia 10, ibaki kando ya kitanda, programu iwepo isiwepo.

Pittsburgh, siku sita

Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliwasha mfumo wa kuandikia dawa katika jengo zima kwa muda wa siku sita. Watafiti wake walipochunguza watoto 1,942 waliohamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine, miezi 13 kabla na 5 baada, waligundua vifo vimepanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 na yakawashtua wengi. Wanaoitilia shaka teknolojia huishia hapo wanaposimulia.

Kinachofundisha zaidi ni sababu zilizotajwa. Zamani, mtoto mahututi akiwa bado njiani, daktari aliweza kuandika dawa, na zikaandaliwa kabla gari halijafika. Mfumo mpya haukuruhusu agizo mpaka mtoto afike na asajiliwe. Agizo moja lilihitaji mibonyezo mingi, hadi kumi hivi, dakika moja au mbili, pale ambapo zamani kalamu ilitumia sekunde chache. Dawa zilizokuwa wodini zilihamishiwa famasi kuu. Na daktari na muuguzi waliozoea kusimama pamoja kitandani wakajikuta kila mmoja yuko na skrini yake.

Seattle, hospitali nyingine ya watoto iliweka programu ileile, na vifo havikupanda. Walikuwa wameandaa mapema vifurushi vya maagizo kwa hali za dharura, hivyo mbonyezo mmoja ulileta orodha nzima. Hospitali ya watoto ya Stanford, kwenye ripoti ya mwaka 2010, ilionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 20 baada ya mfumo kuwashwa, ingawa hakuna anayeweza kuapa kwamba ni mfumo peke yake uliofanya hivyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo mjadala wetu unapopaswa kusimama: kitu kilekile, matokeo kinyume, na tofauti iko kwenye wiki za maandalizi kabla ya swichi kuwashwa.

Onyo lisilosikika

Ukizidisha maonyo, unawafundisha watu kutoyasikia. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta watumiaji wanapuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo ya usalama wa dawa. Si utovu wa nidhamu. Onyo linalosema parasetamoli itolewe kwa uangalifu, likitokea kwa kila mgonjwa, linastahili kufungwa. Tatizo ni kwamba onyo la dozi mara arobaini linavaa rangi ileile na kitufe kilekile.

Tiba ya tatizo hili inajulikana, ila wauzaji wa mifumo hawaipendi kwa sababu inahitaji kazi ya wataalamu wa hospitali yenyewe: gawanya maonyo mafungu mawili. Fungu la kwanza, machache kabisa, ni kizuizi kisichorukika bila mtu wa pili kuweka namba yake ya siri: dozi iliyozidi kiwango cha juu mara mbili, mzio uliothibitishwa, methotreksati ya kila siku kwa mtu wa baridi yabisi badala ya mara moja kwa wiki. Yaliyobaki yaandikwe kando ya skrini kwa maandishi ya kawaida bila kumsimamisha mtu.

Skana nazo zina njia za kuzikwepa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulihesabu njia 15 za kukwepa na sababu 31 zinazozizaa. Utepe wa mkononi wa mgonjwa, ule unaosomwa na skana, umelowa hausomeki, betri imekwisha, mlango ni mwembamba na meza ya kompyuta haipiti. Kwa hiyo nakala za utepe zinabandikwa mlangoni au kwenye meza ya wauguzi, na muuguzi anaskani wagonjwa wote kabla hajaingia wodini. Mfumo unaandika kwamba usalama ni asilimia mia.

Mkasa wa Nashville, Marekani, wa mwaka 2017 unaongeza jambo jingine. Muuguzi alitafuta dawa ya kutuliza kwa jina la kibiashara kwenye kabati la dawa la kielektroniki, wakati kabati lilikuwa limeihifadhi kwa jina lake la kitaalamu. Haikuonekana. Akabonyeza kitufe cha kuruka kizuizi, akaandika herufi mbili za mwanzo, ikatokea vekuroniamu, dawa ya kulegeza misuli yote ikiwemo ya kupumulia. Mgonjwa alifariki. Mwaka 2022 muuguzi alitiwa hatiani kwa kosa la jinai. Alikosea, na alipita alama za tahadhari ambazo angeweza kuzisoma. Hilo halina ubishi. Lakini kuruka kizuizi lilikuwa jambo la kawaida kazini, na kabati linaloanza kutafuta kwa herufi mbili tu lilibuniwa na mtu. Kumbukumbu za kielektroniki zilimwonyesha aliyebonyeza, hazikumwonyesha aliyebuni. Katika nchi zetu, ambako mhudumu husimamishwa kazi kabla uchunguzi haujaanza, jambo hili litafanya watu waogope kuandika kosa dogo, na makosa madogo ndiyo yangetuonyesha lile kubwa linakotokea.

Hapa kwetu

Mifumo mingi ya hospitali zetu iliingia kupitia dirisha la malipo. Kuziba mianya ya mapato ni lengo halali, na wamefanikiwa. Ila mfumo uliojengwa kuzunguka risiti huuliza “amelipa?” kabla ya kuuliza “ana kilo ngapi?”. Unakuta agizo la dawa halionekani famasi mpaka namba ya malipo isome. Kwa mgonjwa wa kawaida ni usumbufu. Kwa mtoto mwenye degedege ni hatari ileile ya Pittsburgh iliyovaa nguo nyingine. Kifungu cha kwanza ambacho hospitali inapaswa kudai kwenye mkataba ni njia ya dharura inayotoa dawa kwanza na kudai baadaye, bila kuomba ruhusa ya mhasibu usiku wa manane.

Uzito unastahili aya yake. Programu inaamini kila inachopewa. Mizani ikiharibika, mtu anakadiria kwa macho, anaandika 10, na kuanzia hapo kila hesabu inatoka na desimali mbili za kujiamini. Mbaya zaidi, mifumo mingine hubeba uzito wa ziara iliyopita: mtoto alipimwa Machi, amerudi Agosti, amekonda au amenenepa, dozi ni ya Machi. Uzito lazima uwe na tarehe ya kuisha. Ningependekeza saa 24 kwa mchanga aliyelazwa na kila ziara kwa aliye chini ya miaka mitano, na uzito wa kukadiria uonekane kwa alama tofauti kwenye kila agizo. Mizani nzuri ya watoto ni bei ndogo sana ukilinganisha na seva.

Nywila ya pamoja ni ugonjwa mwingine. Zamu nzima inafanya kazi kwa jina la mtu mmoja kwa sababu kuingia upya kunachukua dakika mbili. Ukiwakemea hawataacha, ukifupisha kuingia kuwe sekunde tano kwa kadi au alama ya kidole, wataacha wenyewe. Halafu kuna kazi mara mbili: muuguzi anajaza kompyuta, kisha anajaza rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Muda huo unatoka kwa mgonjwa.

Na umeme. Watu hufikiri hatari ni pale mfumo unapozimika. Wenye uzoefu huogopa zaidi pale unaporudi. Dawa zilizotolewa kwa karatasi kati ya saa nane na saa kumi zinaonekana kwenye skrini kama hazijatolewa, rangi nyekundu, na muuguzi anayeingia zamu anazitoa tena. Kwa hiyo utaratibu wa kuzimika uwe na vipande hivi: orodha ya wagonjwa na dawa zao inayochapishwa kila mabadiliko ya zamu, printa na kompyuta moja kwenye betri ya akiba, fomu za karatasi zenye rangi yake, na sheria kwamba baada ya mfumo kurudi hakuna dozi inayotolewa kwenye wodi hiyo mpaka mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aingize karatasi zote, kwa saa dawa ilipotolewa, si saa ya kuingiza. Wala tusidhani hili ni letu peke yetu. Juni 2024 wahalifu wa mtandaoni waliizima kampuni ya vipimo vya maabara inayohudumia hospitali kubwa za London. Hospitali zikashindwa kulinganisha damu kwa kasi ya kawaida, na wachangiaji wa kundi O wakaombwa wajitokeze. Mwaka uliofuata ilithibitishwa kwamba kuchelewa kwa kipimo kulichangia kifo cha mgonjwa mmoja.

Ifakara na Ontario

Kifaa cha usalama kilichosifiwa sana miaka hii hakina umeme. Ni karatasi ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19 vya kusomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara hapa Tanzania, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kisha jimbo la Ontario nchini Kanada likaifanya ya lazima. Hospitali 101 zilipochunguzwa, karibu zote zikiripoti kwamba zinaitumia, vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo ambayo kitakwimu inaweza kuwa ya bahati tu. Ni kweli Ontario ilianza ikiwa na vifo vichache, hivyo nafasi ya kushuka ilikuwa ndogo. Lakini karatasi ya kusoma kwa sauti ikigeuka fomu ya kutuma wizarani, inaacha kuwa kifaa.

Tanzania imetoa jibu lililo bora kuliko mengi niliyoyataja. Kifaa cha kupima mapigo ya moyo ya mtoto tumboni kwa mfululizo kilipojaribiwa peke yake dhidi ya shime sikio la wakunga, kile chombo cha kusikilizia tumbo kwa sikio, kiligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi, lakini hali za watoto hazikutofautiana kwa uhakika. Kugundua ni jambo moja, kuwa na mtu anayejua la kufanya dakika hiyo ni jingine. Baadaye mpango wa Safer Births ukaunganisha vifaa hivyo na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa mdoli wa kufufulia watoto, pamoja na takwimu za kituo kurudishwa kwa wakunga wa kituo hichohicho. Ulifanyika katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kwa jozi za mama na mtoto zipatazo 300,000. Matokeo ya mwaka 2025: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Bajeti yoyote ya vifaa isiyo na fungu la mazoezi ya kila wiki ningeirudisha.

Kwa hiyo sipingi kompyuta wodini. Napinga kuipokea bila kuijaribu. Marekani, ambako hospitali hupimwa kwa wagonjwa wa kubuni, wastani wa maagizo hatari yaliyonaswa na mifumo ulikuwa asilimia 53.9 mwaka 2009 na 65.6 mwaka 2018. Theluthi nzima ilikuwa bado inapita. Jaribio la namna hiyo halihitaji mshauri kutoka nje. Kabla ya kutia saini, mkalishe muuzaji na mfamasia wako na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Unda mtoto wa bandia wa kilo 3, umwandikie gentamaisini miligramu 150. Umwandikie mwingine parasetamoli bila uzito wowote. Mtu mzima mwenye mzio wa penisilini apewe amoksilini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo. Mwingine apewe Panadol ya vidonge na parasetamoli ya mshipani kwa saa moja. Wa tano, methotreksati kila siku. Andika nini kimezuiwa, nini kimeonywa na nini kimepita kimyakimya. Kisha, agizo la tano likiwa halijakamilika, zima umeme ukutani, subiri dakika kumi, washa, na uangalie agizo lile limebaki wapi.